Tupeane uzoefu: hesabu ya uzio ilikukamatia wapi?

Wakuu, heshima kwenu. Nina ekari moja maeneo ya Mlandizi. Dalali aliniambia ekari ni hatua 70 kwa 70, nami nikapiga 70 mara 4, nikapata 280. Mistari mitano ya seng'enge, mita 1,400. Nikanunua yote siku hiyo hiyo.

Fundi akaanza mbele barabarani, akapanda ubavu mmoja, akakata nyuma. Akiwa anarudi na ubavu wa pili, waya ukaisha. Mita 94 wazi, na mbuzi wa jirani wameshajua pa kupita.

Ndipo nikaazima futikamba. Shamba ni 25 kwa 162. Ukizidisha ni mita za mraba 4,050, ekari halali kabisa, sijaibiwa. Ila mzunguko ni 374! Aliyegawa alitaka kila mnunuzi aguse barabara, akatukatia mikanda. Ekari hiyo hiyo ingekuwa mraba wa 64 kwa 64, ningezungushia mita 256 tu. Lete chako.

Mdau wa Kigamboni: Pole mkuu. Mimi ni ukuta, kiwanja 20 kwa 20. Mita 80, toa geti 4, inabaki 76. Kimo mita 2, kwa hiyo 152 za mraba. Tofali za inchi 6 zinaingia kama 10 kila mita ya mraba, nikaagiza 1,520 na za kuvunjika juu. Nikajiona mhandisi. Msingi sikuuhesabu! Kozi (safu za tofali) tatu za chini zilimeza karibu 500, na hakuna anayeziona.

Mdau wa Lushoto: Huko kwenu tambarare mnadeka. Mimi nilichukua vipimo kwenye ramani ya upimaji. Ramani inapima kama vile ardhi imelala, waya unapanda na mlima. Ubavu mmoja ramani inasema 100, ardhi inapanda kama mita 40, kamba ikasoma karibu 108. Siku hizi naburuta kamba chini, ramani naiacha nyumbani.

Mama Bariadi: Seng'enge ya nini jamani? Nimezungushia minyaa, mita 180, kijiti kila sentimita 30, vijiti 600. Nilikata bure kwa shemeji. Gharama yangu ilikuwa utomvu jichoni, sikulala. Vaeni miwani, na msifikiche.

Fundi: Mtoa mada, nguzo umehesabu? Kila mita 3, kwako ni kama 125. Uzio unaozunguka ukakutana hauongezi nguzo ya mwisho, ya kwanza ndiyo ya mwisho. Pembe nne weka nene, kila moja na egemeo mbili, maana waya unavuta kutoka pande mbili. Nimeshaitwa mara nyingi kunyanyua pembe zilizolala kuliko kazi mpya. Na waya nunua kwa urefu ulioandikwa kwenye roli. Ukiuliza kilo tu utaumia, maana roli zenye uzito mmoja hutofautiana urefu kwa unene wa waya.

Mtoa mada: Shukrani fundi. Nguzo zipo, pembe ndiyo nilibana. Kesho narudi dukani kuchukua mita 470.

Mdau wa Kigamboni: Umetoa geti?

Mtoa mada: Aisee. Barabarani tumefunga yote 25.