Be My Baby ya The Ronettes: santuri ya 1963 au sidii inatosha?

Chura45: Wakuu, salamu. Nataka kununua "Be My Baby", wimbo wa kundi la wasichana watatu, The Ronettes. Nimeletewa tatu: santuri ndogo ya kampuni ya Philles nambari 116 ya Marekani, ya kampuni ya London ya Uingereza, na sanduku la sidii *Back to Mono* la 1991. Nichukue ipi? Muuzaji ananisubiri hadi Ijumaa.

FundiSindano: Ya kusikiliza au ya kutundika ukutani? Pleya gani, katriji (kishikio cha sindano) gani? Picha ziko wapi? Bila hayo tunapiga ramli.

Chura45: Ya kusikiliza. Pleya ni ya kawaida tu.

FundiSindano: "Ya kawaida" siyo jibu, mkuu. Kama ni ile ya kisanduku yenye katriji ya kauri inayokandamiza gramu 5, achana na Philles. Santuri nyingi za Marekani za miaka ile zilitengenezwa kwa plastiki ya stairini, si ya vinaili. Stairini ni ngumu lakini mifereji yake hulika upesi. Sindano nzito au iliyochakaa ikipita mara chache tu, sauti ya Ronnie, mwimbaji kiongozi, inaanza kukwaruza kwenye "s" zote, na hakuna kuosha kutakakoirudisha. Ukaguzi: tazama ukingo. Wa stairini ni bapa, wa vinaili umechongoka kidogo. Ukiigonga kwa kucha, stairini hulia kwa ukali.

MamaMono: Naongezea mkasa. Kuna muuzaji mmoja, simtaji, alituma Philles "safi kabisa". Usoni ilikuwa inang'aa kweli. Kumbe tundu halikuwa katikati, na stairini yenyewe ilishaliwa. Piano zikishika noti ndefu, sauti inapanda na kushuka kila mzunguko. Akajibu eti ndivyo wimbo ulivyorekodiwa! Siku hizi mwambie muuzaji akurekodie video santuri ikizunguka: mkono wa sindano ukiyumba kushoto na kulia, tundu limepotoka. Halafu ya Marekani ina tundu kubwa, kwa hiyo uwe na adapta.

KinandaTanga: Chukua sidii, kijana. Wimbo wenyewe ni wa mono, sauti ya njia moja tu. Studio ya Gold Star, Los Angeles, Julai 1963: magitaa na piano kadhaa wanapiga sehemu ileile kwa pamoja, fundi wa sauti Larry Levine anapeleka sauti kwenye chumba cha mwangwi, spika upande mmoja, maikrofoni upande mwingine. Ala zilichanganywa pamoja. Stirio ya nini?

BaruaYaPosta: Sidii haina "Tedesco and Pitman" ya upande wa pili. Wale ni wapiga gitaa Tommy Tedesco na Bill Pitman. Prodyuza Phil Spector aliweka ala tupu huko ili madijei wasigeuze santuri.

KinandaTanga: Nani anasikiliza upande ule?

Chura45: Kwani wote watatu waliimba?

MamaMono: Hapana. Katika kundi ni Ronnie peke yake. Estelle na Nedra hawamo. Waitikiaji ni akina Darlene Love, Sonny na Cher. Spector alikuwa na mtindo huo. "He's a Rebel" ya 1962 imeandikwa jina la kundi la The Crystals, lakini aliyeimba ni Darlene.

BaruaYaPosta: Na bado The Ronettes wakapunjwa. Malipo ya awali kama dola 15,000 kwa kundi zima, basi. Mwaka 2000 mahakama iliwapa zaidi ya dola milioni 2.6, lakini 2002 rufaa ya New York ikasema mkataba wa 1963 unamruhusu Spector kuuza nyimbo kwa filamu bila kuwagawia. Mrabaha wa santuri tu ndio ukabaki haki yao.

KinandaTanga: Mkataba walisaini wenyewe.

MamaMono: Wasichana wadogo wale! Usianze.

FundiSindano: Turudi kwenye ngoma. Mpiga ngoma Hal Blaine alisimulia kwamba snea (ngoma ndogo yenye mlio mkali) ilikuwa ipigwe kwenye pigo la 2 na la 4, kijiti kikamponyoka, likabaki la 4 peke yake. Santuri iliyochakaa inakunyima pigo hilo. Ya London ni vinaili, inavumilia zaidi. Osha kwa maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke, tone la sabuni ya vyombo, lebo isilowe. Spiriti usiguse stairini.

Chura45: Ya London ina mkwaruzo mmoja mwanzoni.

FundiSindano: Mwanzoni ndipo ngoma ilipo! Unasikika kwa ukucha au hauonekani ila kwenye mwanga? Na pleya bado hujataja.