Naomba ushauri: hati za wafalme kwa wachimba bati wa Cornwall bado zina nguvu?

Wakuu, nabishana na mwenzangu tunayesoma naye sheria, naombeni mnitoe tongotongo.

Mwaka 1201 Mfalme John wa Uingereza aliwapa wachimba bati wa Cornwall na Devon hati yao (madini nasema, si mabati ya kuezekea). Wachimbe hata kwenye nyika za maaskofu na makabaila, wachepushe mito, na kesi zao asikilize msimamizi wao. Edward I akaithibitisha mwaka 1305, ila kesi za ardhi, uhai na viungo vya mwili zikabaki kwa mahakama za kawaida.

Kinachoninyima usingizi ni ile ya 1508. Henry VII alipokea pauni 1,000, akakubali kuwa sheria mpya haitawagusa wachimba bati wa Cornwall mpaka wajumbe wao 24 waridhie. Mfalme anauza kura ya turufu, jamani!

Mwenzangu anasema mahakama zao zilifutwa mwaka 1896, basi yameisha. Mimi nasema kufuta mahakama si kufuta haki ya kuridhia. Lakini baraza la wajumbe hao 24 lilikaa mara ya mwisho miaka ya 1750, na hapo ndipo ananibana.

Haki isiyotumika muda wote huo hufa yenyewe, au mpaka Bunge liifute kwa kuitaja? Waliobobea sheria za Kiingereza, nianzie wapi?