Misuli midogo ya unyayo: neva zinanichanganya

Mwanafunzi_Upanga: Habari wakuu. Matabaka manne ya misuli ya unyayo nimeyashika, lakini neva zinazoihudumia bado. Halafu zoezi la kufupisha unyayo, mgonjwa anakosea wapi?

Fizio_Temeke: Mkuu, neva ya unyayo ya ndani inahudumia misuli minne tu: abdakta ya dole gumba (msuli wa kulitenga na vidole vingine), fleksa fupi ya vidole (fleksa ni msuli wa kukunja), fleksa fupi ya dole gumba na lumbrikali ya kwanza (kimsuli chembamba cha kidole cha pili). Misuli midogo iliyobaki huko chini yote ni ya neva ya unyayo ya nje. Shika hiyo minne, basi.

Mbagala_Fizio: Nyongeza: ekstensa fupi (misuli ya kunyoosha vidole) ziko upande wa juu wa mguu, si unyayoni, na neva yake ni ya fibula ya kina. Wengi huzisahau kwenye mtihani.

Zoezi: mgonjwa akae kitini, unyayo wote sakafuni. Avute shina la dole gumba kuelekea kisigino, upinde uinuke, vidole vibaki vimelala. Sekunde 5, mara 10. Vidole vikijikunja kama vinaokota kitambaa, misuli mirefu itokayo chini ya goti imenyang'anya kazi. Bonyeza ukingo wa ndani wa upinde. Abdakta ikikakamaa chini ya kidole chako, yuko sawa.

Mwanafunzi_Upanga: Nimeipata. Asanteni sana.