Tupeane uzoefu: nyumbani kwenu mmekubaliana nini kabla ya mafuriko, tetemeko au moto?

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Ndugu zangu, poleni na majukumu. Naomba tupeane uzoefu wa namna kaya zetu zinavyojiandaa kwa majanga, hasa mambo ambayo watu wa nyumba moja wamekubaliana wenyewe mapema, kwa kuwa naamini mapatano hayo huokoa zaidi kuliko vifaa.

Sisi tunaishi Kigogo, kando ya bonde la Msimbazi. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, ambayo mvua yake ilielezwa kuwa kubwa kuliko zote jijini tangu 1954, mimi na mume wangu tuliweka utaratibu tunaoupitia upya kila masika yanapokaribia. Mto huu hupokea maji kutoka milima ya Pugu na Kisarawe, hivyo unaweza kufurika wakati kwetu halijadondoka hata tone, na anayesubiri mvua ya mlangoni kwake huwa amechelewa. Ndiyo maana Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa angalizo la mvua kubwa, magodoro na unga hupandishwa juu siku hiyo hiyo, na maji yakifika kwenye mwembe ulio chini ya nyumba yetu tunaondoka, iwe usiku au mchana, bila mjadala.

Kijana wetu mkubwa humbeba bibi yake, mimi huwachukua wadogo, na baba yao hufunga mtungi wa gesi na kuzima swichi kuu ya umeme. Maji yakishaingia ndani, swichi hiyo haiguswi na mtu yeyote. Vyeti vya kuzaliwa, kadi za bima na karatasi za kiwanja zimefungwa kwa nailoni mbili na kuwekwa kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko wa kubana, pamoja na dawa za presha za bibi za wiki nzima, na hata ndoo hiyo ikituponyoka itaelea. Watoto wote wamekariri namba ya shangazi yao wa Kimara, ili tukipotezana kila mmoja ajue pa kuulizia.

Mchangiaji wa Bukoba

Asante kwa mada hii, dada. Tetemeko halina angalizo. Lile la Septemba 10, 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilitukuta Jumamosi mchana, na nyumba nyingi za tofali zisizo na linta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) zilipasuka au kuanguka kabisa. Tangu hapo kabati la vyombo limefungwa ukutani kwa vyuma, hakuna kitanda kilicho chini ya rafu, na funguo za mlango hutundikwa mahali pamoja usiku. Tuliogopa kurudi ndani kwa sababu ardhi iliendelea kutikisika, kwa hiyo turubai na mablanketi sasa vinakaa kwenye banda la nje, si chumbani.

Mchangiaji wa Goma

Volkano yetu ya Nyiragongo ilipolipuka jioni ya Mei 22, 2021, na siku chache baadaye tukaamriwa kuhama sehemu kubwa ya mji, wengine walielekea Sake na wengine wakavuka kwenda Rwanda, na watoto wengi wakatengana na wazazi wao katika msongamano ule. Kwangu kila mtoto ana kitambaa kilichoshonwa ndani ya nguo yake, chenye jina lake, jina la mama na namba ya simu. Pia tumekubaliana kuwa nyumba yetu yote huelekea upande mmoja tu, hata kama majirani wanakimbilia kwingine.

Mchangiaji, muuguzi

Naongeza kuhusu maji. Mafuriko huchanganya vyoo vya shimo na visima, na kipindupindu hufuata, kwa hiyo jazeni madumu yenye mifuniko kabla mvua haijaanza na chemsheni maji yote ya kunywa. Mtu akianza kuharisha na hakuna pakiti ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), chukueni lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, anywe kidogo kidogo wakati mnampeleka kituo cha afya.

Mchangiaji mwingine

Mimi nina mama aliyepooza, nasi tumepanga ghorofa ya tatu. Moto ukitokea tufanyeje?

Mwanzisha mada

Pole sana, ndugu yangu. Lifti isitumike kabisa. Jirani yangu mmoja alikubaliana na vijana wanne wa ngazi yake, wakajifunza kumteremsha mgonjwa kwa shuka nene, kila mmoja akishika pembe yake, miguu ikitangulia, na wameshalijaribu zoezi hilo mgonjwa mwenyewe akiwa ameridhia. Namba 114 ya Zimamoto wameibandika nyuma ya mlango. Zungumza na majirani zako wiki hii, na umshirikishe mjumbe wenu, ili ajue kuwa mlango huo una mtu asiyeweza kushuka peke yake.