Naomba ushauri: mpwa wangu ataka kuwa grandmasta wa sataranji

Asalam aleikum ndugu zangu. Niko Lamu. Mpwa wangu wa sekondari kashikwa na sataranji. Kurasa za nyuma za daftari lake la hesabu zimejaa farasi na ngome. Kipaji anacho, wallahi. Ila ugrandmasta, cheo cha juu kabisa cha sataranji, wataka alama 2500 za FIDE (shirikisho la sataranji la dunia) na normu tatu, yaani matokeo ya kiwango cha grandmasta mashindanoni, na yeye hajacheza hata mechi moja ya kuhesabiwa, ni simu tu. Shuleni nimeuliza, hakuna wa kumfundisha. Nairobi nauli na malazi vyatushinda.

Je, Mombasa au Malindi kuna mashindano ya kuhesabiwa alama? Na wachezaji wa kulipwa, riziki yao hasa ni zawadi au kufundisha? Babake ataka jibu kabla hajamruhusu.