Mrejesho: Dada na dawa za sonona, Mafinga

Ndugu zangu, nawashukuru mliojibu nilipouliza kama daktari aliyemwandikia dada yangu amitriptilini alijali afya yake au mauzo ya duka lake la dawa. Tulifuata ushauri wa kutoikatiza ghafla, tukamwona daktari mwingine Iringa mjini, ambaye alieleza kwamba ni dawa halali ya sonona, tena ya bei nafuu, ila hukausha mdomo na kuleta usingizi (dada alisinzia hata akichambua maharage), kisha akaipunguza taratibu na kumhamishia fluoksetini, dawa nyingine ya sonona. Yule wa kwanza, kwa maoni yangu, hakuwa tapeli. Alinyamaza tu pale alipopaswa kueleza. Sasa dada anakwenda shambani, ingawa hamu ya kula bado ni ndogo, na mshauri nasaha wa karibu hatujampata.