Naomba ushauri: wadudu wa kwenye magugu wananitoa jasho

Wakuu, habari zenu. Nina lenzi ya makro ya milimita 100, ile ya kupigia picha vitu vidogo kwa karibu, na siku hizi nashinda nimepiga magoti kwenye magugu. Maua ya bustani nimeyasahau kabisa. Kwenye shina moja tu la kishona nguo nimekuta vidukari wamejipanga kama shanga, na chungu wakiwapapasa kwa vipapasio mpaka watoe tone la utamu. Tone nimeliona kwa macho yangu, kwenye picha sina.

Nikifungua tundu la lenzi hadi f/2.8 (wazi kabisa), kichwa cha chungu kinatoka safi lakini tumbo limeyeyuka. Nikibana tundu hadi f/16 (dogo), giza. Spidi ya kupiga inashuka hadi 1/30 ya sekunde, upepo kidogo shina linacheza, picha kwisha. Nikipandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), chengachenga tupu.

Flashi ya kwenye kamera nayo, kivuli cha lenzi kinamfunika mdudu. Niizibe kwa karatasi nyeupe, au ninunue ya pembeni? Na shina mnalituliza vipi bila kuwatimua wenyewe? Mimi nililibana kwa kibanio cha nguo, chungu wakanipanda hadi kwenye kiwiko.